Benchi la Muunga Mifupa

Fundi cherehani alijifunza kutembea upya kwa sababu moja tu, nayo sababu ilikaa nyumba ya sita kutoka kwake, mlango wa bluu.

Ni muunga mifupa. Mwaka uliopita Fundi aliteleza, mguu ukavunjika, akapelekwa kwake. Bwana yule akaubana kwa vijiti na vitambaa mpaka vidole vikawa vyeusi kama sufuria ya kuni. Fundi akilia, anaambiwa, "Vumilia mama, mfupa unashika." Siku ya tano hospitali ikaukata chini ya goti. Muunga mifupa hata pole hakuleta. Akapita mtaani akisema mwanamke yule ana damu mbaya.

Damu mbaya! Neno hilo ndilo lililomtembeza. Wenzake wa chumba cha mazoezi walichoka, wengine wakaitupa miguu yao ya bandia uvunguni. Yeye kigutu kikichubuka, anakifunga, anashika bomba la ukutani, anarudia.

"Mama, unakimbilia wapi?" bwana wa mazoezi akamcheka.

"Kwa jirani. Nina salamu zake."

Salamu zikafika Jumatatu asubuhi. Wagonjwa saba walikuwa wamekaa kwenye benchi la muunga mifupa. Fundi akajipenyeza katikati, akafungua mikanda, akaulaza mguu wa bandia mapajani kama mtoto mchanga.

"Kazi ya mikono yake hii," akawaambia. "Haya, leteni vidole."

Akawabonyeza kucha mmoja mmoja, kama alivyofundishwa hospitali: ukiachia, wekundu urudi upesi, usiporudi, damu haipiti. Si huruma hiyo. Alitaka unga wa yule bwana umwagike.

Muunga mifupa akatoka mbio. "We mama, unanifukuzia watu!"

"Nimfukuze mtu kwa mguu upi, baba?"

Benchi zima likacheka. Bwana akapandisha hasira. "Kama kazi yangu mbaya, mbona mke wangu nimemfunga mwenyewe? Mama watoto! Njoo uwaonyeshe!"

Mkewe akatoka akirukaruka kwa mguu mmoja, kifundo cha wa pili kimebanwa kama mzigo wa safari. Fundi akambonyeza kidole gumba cha mguu huo. Kikawa cheupe. Wakangoja. Cheupe vilevile.

"Kina ganzi, shoga?"

"Tangu jana. Nilimwambia. Akasema nivumilie."

Fundi alikuwa na uwezo wa kunyamaza. Anyamaze siku mbili tu, iwe mguu kwa mguu. Akalionja wazo hilo, likawa tamu kuliko asali. Lakini mguu wenyewe haukuwa wa yule bwana.

"Mfungue," akasema. "Wewe mwenyewe. Hapa hapa, watu waone."

Muunga mifupa akapiga magoti. Fundo alilolikaza kwa nguvu zake zote likamshinda. Akautazama mkasi ulioning'inia shingoni mwa Fundi.

"Dada, niazime."

"Tumia meno," akasema Fundi.

Naye, mbele ya benchi zima, akainama.