Kikohozi cha Marijani

Jumanne saa nne asubuhi, chai bado ya moto, fundi Marijani alikuwa bandani kwake Keko akiranda mninga wa kitanda cha harusi ya binti yake Salma, pale kikohozi kilipomhama.

Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Marehemu Fundi Badru, aliyemfundisha useremala, alikuwa na desturi ya kukohoa mara moja, kidogo tu, mtu akikosea kipimo. Alipofariki, kikohozi kikabaki kichwani mwa Marijani miaka ishirini na miwili. Akitaka kukata pasipostahili, kinakohoa, msumeno unasimama. Ndiyo maana meza za Marijani ukimwaga maji hayajui pa kwenda, watu wakaja kuagiza kutoka Tegeta, naye akatembea Keko nzima kifua mbele. Haki yake.

Basi tangu mfungo uishe alikuwa akivuta bangi nyuma ya banda na Albano, fundi wa makochi. Mkono haukutetemeka. Jicho halikupungua ukali. Kilichoondoka ni kikohozi tu, kikamwingia mkewe Munira, anayekaanga maandazi pale mlangoni.

Marijani alikata tendegu la nyuma. Munira akakohoa.

"Pole, mama Salma. Vumbi hilo."

"Vumbi wapi? Hebu lipime tena."

Akapima. Futi ilisema vidole viwili pungufu. Marijani aliitazama, akaisoma, akatabasamu.

"Sawasawa kabisa."

Wateja walizoea upesi. Aliyetaka kabati alisimama kwanza karibu na karai la maandazi, akasikiliza. Kule zahanati, nesi Anastasia alimpima Munira kifua mbele na nyuma.

"Kifua kizima, mama. Hiki kikohozi si chako. Mwenyewe mbona hukuja naye?"

"Mie siumwi," alisema Marijani alipoambiwa.

Jioni moja wakila, Munira akasema, "Kitendawili."

"Tega."

"Nina jirani yangu. Akigomba nyumba inasimama, akinyamaza inaanguka."

"Redio!"

Munira akakohoa. Salma akacheka mpaka maji yakampalia.

"Baba, si hicho kikohozi chako! Acha hayo majani siku saba tu, mpaka harusi. Mie sitaki kitanda cha dukani. Wakwe zangu Kawe nimeshawatambia, baba yangu ni fundi."

Aliacha. Siku ya tatu Munira aliamka koo lake shwari. Marijani akaingia bandani, akakitazama kitanda, na kichwani mwake kikakohoa, kidogo tu, kama zamani. Akaliona tendegu. Akaliona na kabati la wiki iliyopita, na meza mbili zilizokwenda Tegeta, vyote kwa mpigo. Alikaa chini kwenye maranda. Mninga ulikuwepo, na siku nne zilikuwepo. Tendegu moja ni kazi ya asubuhi.

Akainuka, akaupita msumeno bila kuugusa, akaenda nyuma ya banda.

"Albano, unalo?"

"Braza, si umeacha?"

"Lete bwana. Kinanipigia kelele."

Munira alikuwa akigeuza maandazi. Akaanza kukohoa.

Ijumaa kitanda kilikwenda Kawe juu ya guta, kimefunikwa kanga, matarumbeta mbele. Marijani alitembea pembeni yake mkono juu ya ubao, na kila aliyeuliza aliambiwa nani kakichonga. Salma aliweka kipande cha tofali chini ya tendegu la nyuma, akateremsha shuka mpaka sakafuni. Mgeni akiingia humwambia, "Baba yangu alikichonga kwa mkono wake," na shingo humnyooka akisema hivyo.

Mpaka leo Marijani yuko Keko, kifua mbele.

"Kaulizeni Kawe," huwaambia wateja. "Kitanda kile hakijarudishwa hata siku moja."

Kwenye karai, Munira hukohoa. Mteja hungoja amalize.

"Pole, mama Salma," husema Marijani. "Vumbi hilo."