Daktari Asiyetaka Kujua

Apiyo alimimina vidonge vyote vya utafiti katika bakuli moja, akafumba macho, akaomba. Kisha akawagawia wenzake wawili, Metrine na Beldina, sawa kwa sawa.

Walikuwa wakilala katika nyumba ya wageni ya kanisa, karibu na hospitali moja ya Kisumu walikotiwa dawa ya saratani. Kemo hiyo iliwatapisha mpaka nyongo. Zaidi ya dawa za kawaida za kutuliza tumbo, hospitali ilitaka kujua kama tangawizi ingewaongezea nafuu. Kila aliyekubali alipewa chupa yake: nyingine zilikuwa na vidonge vya tangawizi, nyingine vya unga mtupu, vyote vikifanana kwa macho. Walielezwa wazi, wakatia sahihi.

Lakini Apiyo alikuwa mwanika omena, wale dagaa wa ziwani, huko Usenge. Kwao mtu hali samaki huku jirani akitowelea chumvi.

"Tukichanganya, hakuna atakayekosa," aliwaambia. "Mungu atachagua."

"Na akinichagulia unga?" Beldina aliuliza.

"Basi utanenepa," Metrine akamjibu, wakacheka.

Safari hiyo Metrine alipata nafuu kuliko wote. Daktari Wandera alipokuja kuwajulia hali, alimkuta akila samaki.

"Daktari, leo namaliza mpaka miiba!"

Daktari alitabasamu. Apiyo akashindwa kujizuia. "Tuambie basi, nani kati yetu alipewa tangawizi?"

"Sijui, mama."

"Hujui? Na kusoma kote huko mpaka nywele zikakukimbia?"

"Sijui kweli. Anayejua yuko mbali, wala hatasema mpaka mwisho. Mimi naipenda tangawizi. Mama yangu alinitibu nayo nikiwa mtoto. Nikijua nani anaimeza, nitaona nafuu hata pale isipokuwapo. Ndiyo maana nimekubali kufichwa."

Apiyo alimtazama kana kwamba anamwona mara ya kwanza. Alikuwa amewajua wasomi wengi waliojivunia wanachojua. Huyu alikuwa amejifunga macho mwenyewe, ili ukweli upite bila yeye kuushika mkono.

"Hata kemo yenu," daktari akaendelea, "ilijulikana kuwa inasaidia kwa majaribio kama haya. Kuna wagonjwa waliokubali kujaribiwa, nanyi hamtawaona kamwe."

Mwili ukamsisimka Apiyo. Watu asiowajua walikuwa wamemtangulia kwenye kitanda kile cha kemo, wakiugua kwa ajili yake.

Alifungua kinywa. Metrine akamkanyaga mguu, maana aliogopa kutolewa katika utafiti. Apiyo akasema hata hivyo. Akaeleza yote, bakuli na maombi.

Daktari aliandika yote kwenye daftari lake. "Nafuu ya Metrine ni ya kweli," alisema hatimaye. "Ila sasa hatuwezi kujua imetoka wapi. Nitaripoti kama ilivyotokea. Kemo yenu haitaguswa."

Wasimamizi wa utafiti waliwaruhusu kuendelea, kila mtu na chupa mpya. Baada ya kemo iliyofuata, Metrine alirudi akitapika vibaya. Apiyo alikuwa mzima, anakunywa uji.

"Dada, nipe viwili tu vya kwako."

"Siwezi."

"Una roho ngumu wewe!"

"Inavunjika, dada. Unaisikia?"

Alimtuma Beldina amwite muuguzi aje na dawa ya kawaida. Yeye akapiga magoti, akashika mgongo wa rafiki yake. Katika maisha yake yote hakuwahi kumnyima mtu kitu kilicho mkononi mwake, na sasa kunyima kulimuuma kuliko sindano. Akaomba kwa sauti: akamwombea Metrine, kisha akamwombea yule mgonjwa wa kesho, wa Katito au wa ng'ambo ya ziwa, atakayepewa dawa iliyojulikana kweli kuwa inafaa.

Metrine alijipangusa midomo, akaegemea bega lake.

"Huyo wa kesho," alisema kwa sauti ndogo, "mwombee asiwe na tumbo kama langu."

Apiyo akacheka huku machozi yakimtoka. Akamtaja tena mtu yule asiye na jina mbele za Mungu, na safari hii Metrine akaitikia amina.