Kufuli la Mama

Fundi alikuwa na miaka thelathini na moja, na kwa miezi minane mama yake alikuwa amemfungia ndani kwa mapenzi. Saratani ya titi ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo. Siku ile ile ya majibu mama alihamia kwake, akafunika cherehani kwa shuka, akawaambia wateja kwamba binti yake anasumbuliwa na mgongo, basi. Kila alipokwenda sokoni alitia kufuli mlangoni.

"Watu watakuchosha, mwanangu. Pumzika upone."

Fundi alipumzika mpaka kupumzika kukawa kazi ngumu kuliko kushona. Akianza kusema, "Mama, nikiondoka, huyu binti yangu..." mama alimkatiza hapo hapo. Nesi wa kliniki alipomwalika kwenye kikundi cha wanawake wenye ugonjwa kama wake, ni mama aliyejibu: "Haendi."

Jumanne moja asubuhi, mama akiwa sokoni, mtu alipiga hodi.

"Nimefungiwa!" Fundi aliita. "Zunguka dirishani."

Alitokea msichana mwembamba, hereni kubwa, kichwa kinang'aa. "Nesi kanielekeza. Kwenye kikundi wananiita Kipara. Nywele zangu zilisafiri bila kuaga." Akasogea karibu na nondo za dirisha. "Yangu imefika kwenye ini. Yako?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, kama mtu anayeuliza unakaa mtaa gani.

"Mgongo."

"Unaogopa nini zaidi?"

"Binti yangu ana miaka sita. Hajaambiwa kitu. Anadhani mama yake amekuwa mvivu."

Walicheka wote wawili. Kisha Fundi akaegemeza paji la uso kwenye nondo, akalia kwa sauti, na Kipara akamshika vidole bila kumwambia anyamaze.

Hivyo ndivyo mama alivyowakuta.

"Wewe ni nani? Unamletea mwanangu habari za kifo?"

"Mama, habari ninazo," Fundi alisema kutoka ndani. "Daktari aliniambia mimi kabla yako kwamba haiponi. Kila uliponikatiza, nilinyamaza kwa ajili yako."

Mama alitua kapu. "Ulijua kwamba haiponi?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na mimi nimejikaza miezi yote hii usije ukajua!" Alitoa ufunguo, akamnyooshea Kipara. Kipara akaupokea, akafungua.

Alhamisi Fundi alikwenda kikundini, akisimama kila hatua chache kuvuta pumzi, mama kamshika kiuno. Walikuwa wanawake saba, mdogo wao akiwa na miaka ishirini na minne. Aliongea karibu saa nzima. Alipotoka, maumivu yalikuwa pale pale, yamembana kama mshipi uliokazwa hadi tundu la mwisho. Hakuna aliyemdanganya kwamba yataisha. Mama alikuwa kwenye benchi la nje, analia begani kwa mama wa mgonjwa mwingine.

Jumamosi Fundi alimketisha binti yake kitandani, akamweleza yote kwa maneno madogo madogo.

Mtoto alifikiri. "Utakufa kesho?"

"Si kesho."

"Basi nisuke. Jumatatu shule."

Fundi alimsuka upande mmoja, mgongo ukagoma. Akajilaza. Bibi mtu akaja, akachukua kitana, akaendelea na upande wa pili.