Mwenye Nyumba Yuko Safari

Mimi ni dalali wa nyumba, na sitaki mtu anihurumie wala anitukane kabla sijamaliza. Kwa miaka ishirini na mbili nimepangisha watu katika mji mkuu huu, na kazi hii niliijua kwa mapazia. Serikali ikibadilika, wengine hukimbilia redio. Mimi hupita mtaa wa juu, wanakokaa wakubwa, nikitazama madirisha. Pazia likishushwa asubuhi, mkurugenzi kaondolewa. Pazia jipya likitundikwa, mwingine kateuliwa. Yule nampa pole, huyu nampa hongera, na wote wawili nawatafutia nyumba. Wenzangu waliniita Mama Mapazia, na sikukataa, maana jina lenyewe lilileta wateja.

Basi ni mimi niliyemshauri dada yangu ajenge.

Dada ni mkunga mstaafu. Amezalisha nusu ya mji huu, na nusu iliyobaki ameigombeza. Alipopata kiinua mgongo alitaka kijumba cha vyumba viwili, na kibaraza cha kukalia. Nikamcheka.

"Dada, kibaraza hakilipi kodi. Jenga vyumba vinne, kila kimoja na choo chake, na kibanda cha mlinzi getini. Wizara inalipa ya mwaka mzima kwa mkupuo."

"Nijenge nyumba ya mkurugenzi, nami nikae wapi?"

"Kwa kodi ya mkurugenzi mmoja utapanga popote roho yako inapopenda."

Akanisikiliza. Tangu nizaliwe dada yangu amenisikiliza mara chache sana, na mara ile ndiyo aliyopaswa kunipa kofi.

Paa lilipoezekwa, uchaguzi ukafika. Rangi ilipokauka, serikali ilikuwa nyingine. Mwezi wa kwanza tu wageni wa madaraka wakatangaza kwamba wizara hazitamlipia mtu kodi tena. Kila ofisa alale pale mshahara wake unapomfikisha. Watu walipiga makofi. Hata mimi nilipiga, kabla akili haijanirudia.

Mtaa wa juu ukawa mahame. Wiki nzima magari ya mizigo yalishuka yamebeba makochi ya waliotolewa, na nyuma yao kila geti likabaki na kibao kimoja: nyumba inapangishwa. Ajabu ni kwamba hakuna aliyeshusha bei. Kila mwenye nyumba alimtazama jirani, na jirani alimtazama yeye. Kushusha ilikuwa sawa na kukiri kwamba wakubwa wamekwenda na hawarudi. "Kipya kinyemi, ingawa kidonda," walifarijiana. "Hawa nao wakishazoea viti watataka nyumba." Huku chini kwetu ndiko bei zilikopanda, kwa sababu maofisa waliokosa posho ya nyumba walishukia vyumba vyetu, na mwenye nyumba akiona mtu wa tai mlangoni haulizi mara mbili. Hakuna aliyetupigia makofi sisi.

Chumba alichokuwa akipanga dada kilipanda mara mbili ndani ya mwaka, naye anaishi kwa pensheni. Akahamia kwenye kibanda cha mlinzi, getini kwake mwenyewe, "kwa wiki mbili tu." Kitanda kiligusa kuta tatu. Akitaka kufungua mlango lazima kwanza akunje miguu. Maji aliyachota bombani nje, na choo chake kilikuwa kidogo kiasi kwamba aliingia kinyumenyume.

"Si ulale ndani, dada?" nilimwambia siku moja ya mvua.

"Nyumba ikishalaliwa inanuka mtu. Na mkurugenzi hataki kunusa mtu."

Maneno hayo aliyapata kwangu.

Kila Jumamosi aliingia na soksi, akapiga deki, akafungua madirisha, akavuta maji katika vyoo vyote vinne ili mipira ya mabomba isikauke. Choo cha mkurugenzi kilivutwa maji mwaka na miezi miwili bila mkurugenzi hata mmoja kukikalia.

Uongo nao ulikuwa wangu. Katika kazi yetu mwenye nyumba hafai kuonekana. Akionekana ana shida, mteja humkandamiza bei kama nyanya za jioni. Kwa hiyo nilipoleta watu, dada alifungua geti na sweta lake la zamani, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Karibuni. Mwenye nyumba yuko safari." Alilifanya vizuri mno. Kuna bwana mmoja alimwachia hela ya soda. Tulicheka siku ile mpaka tukashikana mabega. Nyumbani, nikiosha vyombo, nikakumbuka jinsi alivyoipokea ile hela, kwa mikono miwili, na kicheko kikanitoka mwilini.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini wale waliosema watazoea viti hawakukosea. Mwaka wa pili wa serikali mpya, posho ikarudi kimyakimya, ikiwa na jina jingine. Nikaona pazia la kwanza likipanda mtaa wa juu. Siku tatu baadaye nikapigiwa simu na mke wa mkurugenzi aliyeteuliwa karibuni, mama mmoja mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kufundisha. Nikampeleka moja kwa moja kwa dada.

Aliipenda nyumba tangu mlangoni. Alipitisha kidole juu ya rafu ya jikoni, kidole kikatoka safi. Alifungua bomba, akafunga. Katika chumba kikubwa alisimama katikati, akasema, "Hapa mtu anaweza kupumua." Dada alikuwa nyuma yetu na soksi zake, amefumbata mikono.

"Tunaichukua," mke wa mkurugenzi aliniambia tulipotoka nje. "Miaka miwili, yote kwa mkupuo. Ila tutakuja na mlinzi wetu, ametoka ofisini kwa mume wangu. Huyu mama itabidi aachie kile chumba cha getini. Wiki moja inamtosha?"

Nitasema ukweli. Jambo la kwanza lililonijia kichwani ni udalali wangu. La pili ni kwamba dada angeweza kulala na binti zangu, watatu kitanda kimoja, tungebanana. La tatu ndilo lililokuwa dada, naye alikuwa amesimama pale pale akisikia kila kitu.

"Inamtosha," nikasema.

Mke wa mkurugenzi alikuwa mtu mwema, hakutaka kumfukuza mtu bila neno. Akamgeukia. "Pole, mama. Umekaa hapa muda gani?"

"Tangu msingi."

"Mwenye nyumba ni mtu wa namna gani? Asije akatusumbua."

"Si mbaya," dada akasema. "Mjinga kidogo."

"Mjinga kivipi?"

"Amejenga nyumba ya watu asiowajua."

Yule mama akacheka kwa adabu, akanitazama nimpigie mwenye nyumba simu. Nikaitoa. Sikujua nimpigie nani. Dada akanishika mkono, akaushusha.

"Acha simu. Nitamuuliza mwenyewe."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Tukabaki nje wawili. Nilisubiri sauti yoyote, hata ya kilio, ningestahili kuisikia. Badala yake tukasikia maji. Kwanza kidogo, kisha mengi, bafu la chumba kikubwa limefunguliwa hadi mwisho. Yakamwagika, yakamwagika. Katikati ya maji mtu akaanza kuimba, vibaya sana.

"Kumbe mwenye nyumba yumo?" mke wa mkurugenzi akauliza.

Miaka ishirini na mbili nimejibu swali hilo kwa uongo. "Yumo," nikasema. "Ndiye aliyetufungulia geti. Ni dada yangu, tumbo moja."

Akanitazama. Kisha akatazama kile kibanda, mlango wake wazi, kitanda kikionekana chote kwa sababu hakikuwa na pa kujificha. Uso ukambadilika.

"Na wewe umesema wiki moja inamtosha," akasema.

Akanipa kisogo. Alimwomba dada radhi kupitia mlangoni, maji yalipokatika, na dada akamjibu kwa upole kwamba hakuna ubaya, mzigo haukuwa wake, na nyumba haipangishwi tena yote kwa mkupuo. Kuna manesi wawili wa zamu hospitalini, akasema, wanaolala kwenye benchi kwa kukosa chumba karibu. Wao watachukua vyumba vya nyuma kwa kile wanachoweza. Kikubwa kina mtu. Nilimsikia akitembea ndani, miguu mitupu, maji yakimdondoka juu ya sakafu aliyoipiga deki mwaka na miezi miwili, wala hakuyafuta.

Mke wa mkurugenzi akaondoka. Nami nikabaki mbele ya mlango. Nilikuwa nimeingia nyumba ile mara zisizo idadi, na wateja na bila wateja, nikisukuma mlango kama wangu. Mara hii mkono ulinikataa.

"Hodi," nikasema.

Nikagonga.

"Hodi, dada."

"Nani?"

"Ni mimi."

"Wewe nani? Kama ni dalali, mwenye nyumba yuko safari."

Nilitaka kutania, ndiyo kazi yangu, lakini utani ukagoma.

"Ni mdogo wako," nikasema. "Nimekukosea, dada. Tangu siku ya kibaraza nimekukosea."

Aliniacha nimesimama pale kwa muda wa kutosha kabisa. Sikuondoka. Kisha nikasikia komeo likivutwa, na mlango ukafunguliwa na mwanamke aliyelowa nywele, aliyejifunga taulo, amenyooka kama alivyokuwa wodini.

"Karibu kwangu," akasema. "Vua viatu."