Toleo Refu la Baba

Alipoishusha sindano juu ya santuri, kaka yake alikuwa ameshaanza kuupiga mlango mateke.

Sindano, ndivyo mtaa ulivyomwita, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, hakugeuka. Aliyatazama mawimbi ya kijani yakianza kujichora kwenye kompyuta, akajua hana namna. Toleo refu la wimbo huingia kwenye kompyuta kwa mwendo wake lenyewe, kama linavyochezwa. Halina njia ya mkato. Na santuri hii ilikuwa ya mwisho.

Kazi yake ilikuwa kusafisha sauti. Wapenzi wa muziki wa miaka ya themanini walimletea santuri zao pana, zile zenye wimbo mmoja tu kila upande, wimbo wa pop na roki uliorefushwa kwa ajili ya madisko, gitaa likaachiwa lijidai na dramu zikapewa nafasi yake. Aliziosha, akazimwagia gundi nyeupe ya mbao, na ilipokauka akaibandua yote kwa mkupuo, vumbi la miaka likiwa limeng'ang'ania humo. Kisha aliziingiza kwenye kompyuta akafuta mkwaruzo mmoja baada ya mwingine.

Hii hakuletewa na mtu. Aliisaka mwenyewe mpaka watu wakamwona kichaa, hadi mjane wa mkusanyaji mmoja alipoikuta uvunguni akamtumia kwa posta. Kwenye santuri hiyo, wimbo ukielekea ukingoni, vyombo vyote vinanyamaza na kumwacha mpiga dramu peke yake. Mpiga dramu huyo ni baba yao, akiwa kijana, kabla hajawa baba wa mtu.

Nakala ya baba mwenyewe kaka aliivunja kwa goti siku ya mazishi, mbele ya waombolezaji. Hakuna aliyemlaumu kwa sauti. Marehemu alikuwa na mazoea yake. Akirudi amelewa aliiweka santuri ile, akafungulia sauti mpaka mwisho, akamwambia mama afunge madirisha. Toleo fupi lilikuwepo, ila halikumtosha. Liliisha yeye hajamaliza kupiga. Chini ya toleo refu mama alilia na jirani asisikie. Kaka naye alilia, kila alipojitia kati. Sindano, kitindamimba, alijikunja chini ya meza akizisubiri zile dramu, kwa sababu zikifika, mwisho umekaribia.

Kwa hiyo hajawahi kuusikia wimbo huo bila kilio juu yake. Alichokitaka ni hicho tu: kumsikia baba, mara moja, akipiga kitu kisicho na mwili. Kwa furaha alimwambia wifi yake kwamba santuri imefika. Wifi, bila kukusudia, akaropoka mezani.

Bawaba ziling'oka. Kaka akaingia na nyundo ya karakana, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye mikono iliyojaa makovu ya cheche. Gitaa la mwanzo likalia, na mabega ya jitu zima lile yakapanda mpaka masikioni, kama ya mtoto aliyesikia hatua za mtu mlangoni. Alipogundua kwamba dada yake ameona, ndipo hasira zilipompanda kweli.

"Itoe."

"Ikiisha."

"Nitakupasua, wewe."

"Nipasue mimi. Meza usiiguse."

Alianza na rafu. Nyundo ilishuka na santuri za wateja zikamwagika, zikavunjika chini ya viatu vyake kama vigae. Alipogeukia mashine ya santuri, dada alikuwa ameshasimama mbele yake, mgongo umeelekea mezani. Nyundo ikainuliwa. Ikasita. Akaitupa, akatumia ngumi.

Ya kwanza ilitua shavuni, jino likalegea. Ya pili ilimpata mbavuni, pumzi ikamtoka yote. Hakupiga yowe. Si kwamba yowe lingeharibu kitu. Sindano ya santuri haijali mtu anasema nini chumbani. Lakini hunasa kila kinachotikisa sakafu. Mashine yake aliiweka juu ya bamba la jiwe, na jiwe juu ya mpira wa ndani wa gurudumu, ili malori yanayopita yasiirushe sindano. Malori aliyafikiria. Ndugu hakumfikiria.

Akaung'ata mkono wa kaka mpaka akaonja damu isiyo yake. Akamtwanga na kopo la gundi kichwani, kopo likapasuka, wakateleza wote wawili na kuanguka, weupe na wekundu vikichanganyika nguoni. Kaka akamkalia kifuani. Hapo vyombo vikanyamaza na dramu zikaingia.

Alidhani kaka ataacha. Badala yake ngumi ziliongezeka, na katikati ya maumivu Sindano akatambua kitu kilichomtisha kuliko nyundo: zilikuwa zinafuata mdundo. Baba alimpiga mama hivyohivyo. Sehemu hii ndiyo aliyopiga kwa nguvu zaidi, akiufuata mkono wake mwenyewe wa ujanani. Kaka hakujua anachofanya. Mwili wake ndio uliojua.

Wimbo ukaisha. Sindano ya mashine ikabaki inakwaruza mahali pamoja. Kaka aliinuka akihema, akaokota nyundo, akaipiga santuri pigo moja, na mashine mapigo mengi. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimeshajizima chenyewe. Kwake kilikuwa kioo cheusi tu, akakipita.

"Sasa amekufa," alisema, akaukanyaga mlango akaondoka.

Jicho lilipoanza kufunguka, Sindano aliketi kazini. Baba alikuwemo wote kwenye kompyuta, mwepesi, mchangamfu, mkono wa mtu anayefurahia maisha. Chini yake vilikuwemo vishindo vizito. Kuvifuta hakukumshinda; kazi hiyo ndiyo iliyompa ugali. Alifuta cha kwanza. Akakirudisha. Akauweka wimbo kama ulivyo kwenye spika ndogo, akaenda kwa kaka yake mchana kweupe.

Wifi alimfungulia, amevaa mikono mirefu na joto lile. Alimtazama usoni, akampisha. Kaka alikuwa kitini, mkono umefungwa bandeji, macho sakafuni.

"Nimekuja tumsikilize baba," Sindano alisema. Akaweka spika mezani, akapandisha sauti mpaka mwisho.

Gitaa lilipolia tu, wifi aliinuka. Hakuna aliyemwambia. Alifunga dirisha la kwanza, akafunga la pili, akavuta pazia, kisha akasimama kwenye kona, mikono imekumbatia mbavu, akisubiri. Wimbo huu haujawahi kuchezwa katika nyumba hii. Haikuhitajika uwe huu. Muziki wowote ukipandishwa sauti hapa, alijua kinachofuata.

Sindano aliyatazama madirisha. Kaka naye aliyatazama. Walikaa hivyo, watatu, mpaka vyombo viliponyamaza na dramu zikaingia, na vile vishindo chini yake.

"Nini kinagonga huko chini?" kaka aliuliza, kwa sauti ya mtu anayejua.

"Huyo wa juu ni baba. Wa chini ni wewe."

Kaka akaunyoosha mkono azime.

"Ukizima, nitakung'ata na huo mwingine."

Mkono ukarudi pajani. Sindano aliurudisha wimbo mwanzo, sauti ileile ya juu, kisha akamgeukia yule aliyekuwa konani.

"Wifi yangu, vaa viatu."

Wifi alimwangalia mumewe kwanza, kwa mazoea. Mumewe alikuwa anaitazama ngumi yake kama kitu alichokikuta njiani. Wifi akavaa viatu. Walitoka bila begi wala shuka, Sindano nyuma, akaurudishia mlango taratibu.

Nje, kwa jinsi madirisha yalivyofungwa vizuri, muziki ulisikika kwa mbali mno. Jirani aliyekuwa akianika nguo hata hakugeuka. Toleo lile ni refu. Walifika barabara kubwa, wakavuka, na kule nyuma dramu zilikuwa bado hazijaingia.