Ndege Katikati ya Vioo

Jumanne, tarehe nne Machi. Ukungu ulishuka alfajiri mpaka kwenye mabati, na kinyozi akaushukuru: ndege wake alitoka kwenye msitu wa mlimani, huenda baridi ingemkumbusha kuimba.

Hakuimba. Tangu anunuliwe kwa mtegaji, kiumbe huyo mwenye kifua cha rangi ya chungwa hakuwa ametoa hata mluzi. Kazi yake ilikuwa ugomvi. Kinyozi alitundika tundu katikati ya vioo ili wateja wamwone ndege pande zote; kumbe ndege naye aliona madume wenzake pande zote, wamemvamia kwake. Akawa anajirusha kwenye nyaya mpaka mdomo ukatoka damu.

Kinyozi alimwombea kila usiku, kwa machozi, apate sauti. Mungu husikia hata maombi ya kijinga. Kuyajibu ni suala lingine.

Asubuhi hiyo shangazi yake, anayefagia nywele pale, alifunika kioo kimoja kwa shuka. Ndege akapoa kidogo. Basi wakafunika vyote, na kinyozi akanyoa hivyo hivyo, kwa imani.

Dereva wa lori, aliyekuwa kitini, alipofunua shuka ajitazame, akapiga yowe. Nywele za kulia zilikuwepo. Za kushoto zilikwenda likizo.

"Bwana wee! Mimi naoa Jumamosi!"

"Nilikuwa namlinda ndege."

"Na mimi ananilinda nani?"

Kioo kilibaki wazi. Ndege akamwona adui, akajibamiza kwenye nyaya, akaanguka chali. Wateja kwenye benchi wakainuka kumtazama, hata dereva akasahau kichwa chake.

"Redio inasema wamebaki wachache huko mlimani," alisema shangazi, ufagio mkononi. "Huyu akifa, mwanangu, utamwambia nini aliyemuumba? Kwamba ulitaka muziki wa bure?"

Kinyozi aliteremsha tundu, akapiga magoti, akaingiza kidole. Ndege akafumbua jicho, akamdonoa kwa nguvu zake zote.

"Yuko hai!" kinyozi akalia huku ananyonya kidole, kisha akanong'ona: "Shangazi, nitamrudisha."

"Usininong'oneze mimi. Waambie hawa."

"Sema kwa sauti," dereva akadakia, "sikio la kushoto lina baridi, halisikii."

Kinyozi akasimama. "Jamani, nisikieni wote, na Mungu anasikia. Kesho alfajiri namchukua mtegaji anipeleke pale pale alipomtega, namfungulia. Na mkiona tena ndege kwenye tundu humu ndani, ninyoeni nyusi zote mbili, na vioo viwe wazi nijione."