Msitu wa Deo

Evodius alipoanza kusema habari za kununua msitu, sikumpinga. Mtu aliyezika mtoto hapingwi mwaka wa kwanza. Nilimwacha aseme, kama unavyoiacha sufuria itokote huku umeshika mfuniko mkononi.

Tulikaa Spånga, nje kidogo ya Stockholm. Evodius, mume wangu, alikuja kujifunza ufundi wa mashine mwaka 1967, akabaki kiwandani. Nami nikamfuata, nikawa nafanya usafi hospitalini. Mtoto wetu wa kwanza, Deusdedit, tuliyemwita Deo, tulimzika Februari ya 1975. Homa ya uti wa mgongo: Ijumaa alirudi kutoka shuleni anaumwa kichwa, Jumapili hatukuwa naye.

Ardhi ilikuwa imeganda kama jiwe, ikachimbwa kwa mashine. Kwetu Bukoba kaburi huchimbwa na majirani, wakipokezana jembe na maneno, na mtoto hulala kibanjani kwa baba yake, chini ya migomba, mama akienda kukata ndizi anampitia. Hapa alichimba mtu mmoja aliyeziba masikio kwa sababu ya kelele za ile mashine yake. Tulimsalimu, hakutusikia.

Baadaye ofisi ya makaburi ikatueleza kwamba mahali pale tumepewa kwa muda. Miaka ikiisha, tuombe upya. Tukatoka na Evodius mpaka barabarani.

"Kwa hiyo mwanangu ni mpangaji," akasema.

Basi, Septemba akarudi kutoka kazini na habari. Mwenzake wa kiwandani alikuwa na mjomba, mzee Holger, aliyefiwa na mkewe, mwenye shamba la miti upande wa Norrtälje. Mzee amechoka, anauza kipande. Kina elgi, yule mnyama mkubwa wa huku, mrefu kama pofu, mwenye pembe kama viganja vilivyokunjuliwa. Ukinunua ardhi unapata na haki ya kuwinda juu yake.

Jumapili akaja Mashauri, Msukuma aliyekuwa akisomea misitu, rafiki yetu tangu mwanzo. Tukala wali na maharage, mtoto wetu mdogo Adelina amelala mgongoni mwangu.

"Nataka kuwinda," Evodius akamwambia. "Baba yangu alikuwa mwindaji. Mbwa wake walivaa njuga, ukizisikia bondeni unajua mnyama kageukia wapi. Mimi hapa nawinda nini? Mabasi."

"Mhaya gani anawinda?" Mashauri akasema. "Nyinyi mnawinda ndizi, tena mnaivizia ikiwa mtini."

Tukacheka, hata Evodius.

"Halafu nyumbani wanatuambia ardhi ni ya wote, watu wanahamishiwa vijijini wakae pamoja. Wewe unakimbilia huku kuwa kabaila. Ukirudi utawaambia nini?"

"Nitawaambia nina elgi."

"Na ile nyumba ya kujenga kwenu Kamachumu? Shemeji, si mlikuwa mnaweka akiba ya mabati?"

"Tulikuwa," nikasema.

"Sasa mabati yamekuwa miti." Mashauri akaacha mzaha. "Bwana, mimi misitu naisomea. Kipande kile ni kidogo, elgi anakivuka kabla hujapandisha bunduki. Majirani wanawinda kwa kundi, na kundi lina wenyewe. Utakaa peke yako kwenye mwamba, unangoja mnyama ambaye wenzako wameshamgawana. Kwa nini kile? Kuna misitu mingine, mizuri zaidi."

"Kile tunakijua," Evodius akajibu. "Ndiyo msitu wa yale matunda."

Hapo nikajua alichokuwa akisema.

Huku mtu yeyote anaruhusiwa kuingia msitu wa mwenzake akachuma matunda ya porini, mwenyewe hana neno. Agosti ya mwaka uliotangulia tulipelekwa pale na yule mwenzake wa kiwandani, kuchuma yale madogo meusi yanayotia ulimi rangi. Elgi akatoka kati ya miti, akasimama, akatutazama, akaenda zake. Deo alibaki amesimama na kopo lake. Hakulia wala hakukimbia. Alisema tu, kwa Kiswidi, "Yule ndiye mwenyewe."

Mtoto yule ukimsemesha Kiswahili alikujibu Kiswidi. Kwenye vitendawili tu ndipo alipokubali kusema lugha yetu bila kuvutwa, maana nilimwambia vitendawili haviingii lugha nyingine, vinaharibika. Na jioni moja Januari alimngoja baba yake mlangoni, hajavua hata koti.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Ana midomo mingi ubavuni. Asubuhi anameza watu bila kutafuna. Akifika mjini anawatapika, wote wazima."

"Nyangumi."

"Siye."

"Lifti."

"Lifti ina mdomo mmoja, baba."

"Basi nimeshindwa, nimechoka."

"Nipe mji."

Ndiyo sheria yenyewe: ukishindwa, unatoa mji, mwenzako anautawala, kisha anakupa jibu.

"Nakupa Bukoba."

"Siijui."

"Nakupa Stockholm yote, na mfalme wake."

"Kuna baridi. Nataka msitu wa elgi."

"Ule si mji."

"Una mwenyewe, nilimwona."

Evodius akacheka, akamwekea mkono kichwani. "Haya, nimekupa. Nenda ukatawale. Jibu?"

"Nitakwambia tukifika," Deo akasema, akakimbilia chumbani. Akaapa hatasema kabla ya hapo, hata kwangu. Na kufika hakufika.

Kwa hiyo Mashauri alipokuwa akihesabu ubaya wa kile kipande, mimi nilikuwa naona kitu kingine. Nilidhani Evodius anataka kuwinda elgi wa mwanawe, au kumlinda asiwindwe na wengine. Nikajiambia, acha anunue. Nyumba ya Kamachumu itangoja. Kumbe nilikuwa nimejibu nusu tu ya kitendawili.

Oktoba tukaenda kukitazama, kwa gari la Mashauri. Evodius alibeba nondo ndefu ameifunga kwenye gunia. Mashauri akamwuliza kama siku hizi elgi anapigwa kwa nondo. Evodius akailaza chini ya viti, akapanda.

Mzee Holger alitupokea na kahawa, akatutembeza. Alikuwa mtu wa maneno machache, anatembea ameinama kama anayetafuta kitu alichodondosha. Akatuonyesha jukwaa la kuvizia, jiwe la chumvi walambalo wanyama, na kwato kwenye matope. Mashauri akachuchumaa kuzipima kwa kiganja. Evodius hakuzitazama. Yeye alikuwa akichoma ardhi kwa nondo. Anasogea, anachoma. Kila mahali ilisema *ka*, mwamba uko pale pale chini ya majani.

"Anataka kupanda viazi?" mzee akaniuliza.

"Sijui," nikasema, na kweli sikujua.

Akaenda hivyo mpaka karibu na miti mitatu yenye magome meupe. Hapo nondo ikaingia. Ikaingia laini mpaka mkono wake ukagusa majani. Akaichomoa, akachoma pembeni, ikaingia tena. Akavua kofia. Kisha akainama, akapima pale chini kwa mkono wake, kuanzia kwenye kiwiko hadi ncha za vidole, akahamisha, akapima tena, mara chache tu, akasimama.

Urefu ule niliujua. Nilikuwa naushonea suruali.

Nikamwendea. "Baba Deo, ulikuwa hutaki kuwinda."

"Nilitaka vyote viwili," akasema. "Awe na kwake. Nami nikifa nilale hapa. Nilimpa, Mama Deo. Alinishinda, nikampa."

Mashauri aligeuka akatazama miti. Mzee Holger hakuelewa lugha, ila aliona kofia mkononi. Nikamgeukia kwa Kiswidi changu cha hospitalini.

"Mke wako amelala wapi?"

"Kanisani, kijijini."

"Kwa nini si hapa, na ardhi ni yako?"

"Hairuhusiwi. Ukiomba watakataa. Ardhi ni yangu, lakini wafu si wangu." Akanyoosha kidole pale alipochoma Evodius. "Hapo nilizika mbwa wangu wa kuwindia. Wawili. Mbwa unaruhusiwa. Ndiyo maana ni laini, nilichimba mwenyewe, niliutoa mwamba kwa baruti."

Evodius alimsikia vizuri. Kiswidi chake kilikuwa bora kuliko changu. Akaitazama ile nondo, ikiwa na udongo mweusi mpaka juu. Akaifuta kwa majani, taratibu, akaifunga tena kwenye gunia.

"Mwambie ahsante kwa kahawa," akaniambia, kana kwamba yeye hana mdomo.

Msitu hatukuununua. Njiani Mashauri alijaribu wimbo, ukamfia mdomoni.

Kesho yake, Jumatatu, tulikwenda wote kazini. Tulisimama kituoni Spånga katika baridi na wenzetu wa kila siku, watu wasiosalimiana. Treni ikaja. Milango ikafunguka ubavu mzima, watu wakaingia, na mimi nikaingia nao. Nilipogeuka nikamwona Evodius bado amesimama ukingoni, anaitazama ile milango, mmoja baada ya mwingine. Nikashuka.

"Ni hii," akasema.

Sikumwuliza ni nini. Nami nilikuwa nimeona.

"Jioni ile nilikuwa nimetoka kushuka humu. Angeniacha nikakaa kidogo tu, ningeipata. Ningeipata, nisingempa kitu."

Milango ikafungwa, treni ikaondoka na watu wake.

"Sasa nimejibu," akasema. "Mji si wake tena."

"Mji ukishatolewa haurudi," nikamwambia. "Hiyo nayo ni sheria. Alipewa akiwa hai, akalala usiku ule akiwa mwenyewe."

Tulingoja treni nyingine. Ilipokuja aliingia, akasimama karibu na mlango, uso umeelekea kioo, na hakunitazama mpaka mjini, ilipotutapika.